Kashata Zipo, Tairi Limekwisha: Umri wa Matairi katika Barabara ya Same

Na Mwandishi Wetu, Same

Jioni ya Jumamosi, Juni 28, 2025, basi la abiria na basi dogo aina ya Coaster yaligongana katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kisha yakawaka moto. Taarifa ya Ikulu iliyotolewa siku iliyofuata ilitaja watu 38 waliopoteza maisha na majeruhi 28. Miili 36 ilikuwa imeungua kiasi cha kutotambulika, na familia zikalazimika kusubiri. Idadi ya waliofariki iliongezeka baadaye. Katika salamu zake za rambirambi, Rais Samia Suluhu Hassan alihimiza kuzingatiwa kwa sheria za usalama barabarani. Chanzo kilichotajwa katika taarifa hiyo kilielezwa kwa maneno machache: tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari.

Kwa nini tairi fulani lilipasuka siku fulani ni suala la wachunguzi. Linalobaki kwa mwananchi ni swali pana zaidi, ambalo huulizwa mara chache kabla ya safari na mara nyingi baada ya msiba: tairi linapaswa kuondolewa lini? Jibu lililozoeleka ni kutazama kashata, yaani vile vinundu na mifereji inayokanyaga lami. Zikiwapo, tairi huhesabiwa kuwa zima. Zikiisha, huitwa kipara na kubadilishwa. Jibu hilo linatosheleza kwa gari linalotembea kila siku, kwa sababu kashata zake huisha kabla mpira haujazeeka. Kwa gari linalokaa sana na kutembea kidogo, kisha likatolewa siku moja kwa safari ndefu na ya kasi, jibu hilo ni nusu tu. Mpira huzeeka hata usipotumika, na uzee wake hauonekani mahali ambapo wengi wamezoea kutazama.

Barabara inayopita Same huudhihirisha uzee huo kuliko barabara nyingi nchini. Ikitoka Chalinze kupitia Segera, Korogwe na Mombo, huambaa miguu ya Milima ya Pare kwa upande wa magharibi, ulio katika kivuli cha mvua. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi huacha maji yake mashariki na vileleni, ambako Shengena, wenye urefu wa meta 2,462, hufunikwa na ukungu na msitu wa Chome hubaki kijani. Chini, kwa upande wa Hedaru na Makanya, ni mkonge, migunga na jua. Adhuhuri ya Januari au Februari lami huwa na joto kubwa kuliko hewa iliyo juu yake. Zipo sehemu ndefu zilizonyooka ambazo humshawishi dereva kufidia muda aliopoteza kwenye foleni za Kibaha na Chalinze. Gari lililotoka Dar es Salaam alfajiri hufika hapo likiwa limekwenda zaidi ya kilometa 350 bila matairi yake kupata nafasi ya kupoa. Joto, kasi na mzigo hukutana kwa wakati mmoja, na tairi lenye kasoro iliyojificha huchagua saa hiyo.

Kuna kundi la magari linalostahili kutajwa kwa namna ya pekee. Kila Desemba, wenyeji wa Upare na Uchaga wanaofanya kazi Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko hurudi nyumbani kwa sikukuu. Wengi hutumia gari la familia ambalo mwaka mzima hutoka nyumbani kwenda kazini na sokoni tu, au huegeshwa kwa wiki kadhaa kwa sababu mwenyewe hupanda daladala au mwendokasi. Gari la namna hiyo laweza kutembea kilometa 5,000 kwa mwaka. Baada ya miaka saba limetembea kilometa 35,000, na matairi yake, kwa macho, yanapendeza. Ndilo gari linalojazwa watu watano, magunia, zawadi na ndoo za mafuta ya kupikia, kisha likaelekezwa Same, takribani kilometa 450, kwa mwendo ambao halijauona tangu Desemba iliyotangulia.

Ili kuelewa hatari iliyopo, yafaa kujua tairi limeundwaje. Ndani ya mpira unaoonekana mna tabaka za nyuzi na mikanda ya nyaya za chuma, na vyote hushikiliwa pamoja na mpira wenyewe. Hewa ya oksijeni hupenya taratibu na kuufanya mpira huo upoteze mnyumbuliko wake. Jua, ozoni na joto huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kuulinda mpira, na kinga hiyo husogea kuelekea juu tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililosimama muda mrefu hukosa mwendo huo, hivyo ngozi yake hukauka. Ndiyo maana gari lililotunzwa kwa kutotumika laweza kuwa na matairi mabovu kuliko teksi ya jirani. Uharibifu mkubwa hutokea kwenye kingo za mikanda ya chuma, chini ya kashata, mahali ambapo jicho halifiki. Mshikamano ukilegea, ufa mdogo huanza. Kila mzunguko huuongeza, na kila nyuzi ya joto huusukuma mbele. Siku ukifika mwisho, kashata zote hubanduka kama ganda la chungwa, au tairi hupasuka kwa mlio mmoja.

Uhusiano kati ya joto na umri si nadharia. Mwaka 2007, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ililiarifu Bunge la nchi hiyo juu ya takwimu za kampuni kubwa ya bima. Majimbo matano yenye joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wa kampuni hiyo, lakini yalitoa asilimia 77 ya madai yaliyotokana na matairi kuharibika. Kati ya madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yenye umri wa zaidi ya miaka sita. Same haimo katika takwimu hizo, ila jua lake halihitaji utambulisho, na sehemu kubwa ya Tanzania haina majira ya baridi ya kuupumzisha mpira.

Umri wa tairi hauhitaji kukisiwa. Umeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, katika msimbo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo muhimu: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Tairi lenye 3518 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018, yaani mwishoni mwa Agosti. Likiwa na tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kujadiliwa. Msimbo kamili mara nyingi huwa upande mmoja wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukitazama ndani, mwenye gari hataiona tarehe mpaka aliname chini ya gari kwa tochi. Inafaa kuinama. Umri huhesabiwa tangu tairi kutengenezwa na wala si tangu kununuliwa. Tairi ambalo halijawahi kufungwa, likiwa limening'inizwa mbele ya duka juani kwa miaka mitatu, huuzwa kwa jina la jipya na kwa bei ya jipya. Mnunuzi ana haki ya kuuliza tarehe kabla ya kutoa fedha, na ana haki ya kulikataa.

Baada ya kujua umri, hubaki swali la kikomo. Watengenezaji hawasemi kwa sauti moja. Baadhi ya kampuni za magari, Ford na Nissan zikiwamo, hushauri matairi yaondolewe yakifikisha miaka sita, kashata ziwe zimebaki au zisibaki. Kampuni ya matairi ya Michelin hushauri yakaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na yasipite miaka 10 tangu kutengenezwa, hata yakionekana mazima. Tofauti hiyo huwachanganya wananchi, lakini inaeleweka: kampuni hizo huziandikia nchi za baridi na za joto kwa pamoja. Kwa gari dogo linalotegemewa kupita nyanda za Same kwa kasi ya barabara kuu, miaka sita ndicho kipimo cha busara. Miaka 10 ni ukuta wa mwisho, tena ukuta uliojengwa kwa kuzingatia hali ya hewa isiyo ya huku.

Uingereza iliufikia ukuta huo kwa gharama ya maisha. Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha barabara karibu na Hindhead, Surrey, na watu watatu wakafariki. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Kashata zake zilitosha kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, na hakuna kanuni iliyokuwa imevunjwa kwa kulitumia. Ilichukua miaka mingi ya madai ya familia kabla ya Februari 1, 2021, siku ambayo nchi hiyo ilianza kupiga marufuku matairi yenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yanayobeba tairi moja kila upande.

Suala hili lina uzito wa aina yake kwa magari yenye nguvu kubwa. Subaru, Crown na Mark X hupita Same kwa wingi, na baadhi ya wamiliki wake hujivunia muda waliotumia kati ya Dar es Salaam na Moshi kama mtu anayetaja alama za mtihani. Magari hayo hufungwa matairi mapana, yenye ubavu mfupi na mpira laini unaoshika lami. Ulaini huo ndio thamani yake, na ndio wa kwanza kupotea. Tairi la mwendo wa kasi likizeeka hugeuka gumu. Kwenye lami kavu dereva haoni tofauti kubwa, lakini kwenye kona, au mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na mafuta, gari huteleza kwa mwendo ambao zamani lilikuwa salama. Ubavu wa tairi huonyesha uwezo wake kwa namba na herufi. Katika 205/55R16 91V, namba 91 humaanisha kilo 615 kwa kila tairi, na V humaanisha kilometa 240 kwa saa. H ni 210 na T ni 190. Ahadi hizo ni za tairi zima, lenye upepo sahihi. Hakuna mtengenezaji anayeziahidi kwa tairi la miaka tisa.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ulitokea California, Novemba 30, 2013. Mwigizaji Paul Walker, aliyejulikana hapa nchini kwa filamu za mbio za magari, alifariki pamoja na rafiki yake aliyekuwa akiendesha gari aina ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walihitimisha kuwa gari lilikuwa kwenye kasi ya kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa, na kwamba matairi yake yalikuwa na zaidi ya miaka tisa. Lilikuwa gari la thamani kubwa, lililokuwa likitolewa nje mara chache. Kwa maana hiyo halikutofautiana sana na gari la Desemba lililoelezwa hapo juu.

Chanzo kingine cha matairi makuukuu hakionekani kwa sababu huingia nchini kihalali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya biashara nyepesi. Katazo hilo linahusu matairi yanayoletwa kama bidhaa. Gari lililotumika Japani huteremka bandarini likiwa limesimama juu ya matairi yake, na matairi hayo yanaweza kuwa na miaka minane. Mengine ni ya theluji, yenye mpira laini sana na mikato mingi myembamba kwenye kashata, mara nyingi yakiwa yameandikwa neno STUDLESS ubavuni. Yaliundwa kwa barafu ya kaskazini mwa Japani. Kwenye lami ya Makanya hulegea, hupata joto upesi na kuisha haraka. Mnunuzi aliyelipa kodi, bima na usajili huona fedha zimemwishia, naye huyaacha matairi hayo “kwanza mpaka yaishe”. Bajeti ya kununua gari la nje ingefaa ihesabu matairi manne tangu mwanzo, kama inavyohesabu ushuru.

Milimani hali ni tofauti, na tofauti hiyo huwapotosha wengi. Magari yanayopanda Vudee, Mbaga, Suji au Mamba, na yale yanayoteremsha tangawizi kutoka Mamba na Myamba, hutembea taratibu kwenye mawe na kona kali. Huko tairi hufa kwa kuchanwa ubavu na jiwe kabla umri haujalifikia. Tairi lenye nyufa ndogo laweza kupanda na kushuka mwaka mzima kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa bila tatizo, na mwenye gari akaliamini. Tatizo huja siku ambayo Noah hiyohiyo inakodiwa kupeleka watu msibani au harusini Moshi. Inashuka mlima, breki zikiwa zimepasha moto rimu, inaingia lami, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa inaombwa kilometa 100 kwa saa ikiwa na abiria tisa. Rekodi nzuri ya mlimani haina ushahidi wowote kuhusu kilichomo ndani ya tairi hilo.

Zipo dalili zinazoweza kuonwa bila vifaa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye ubavu au kati ya kashata ni alama ya mpira kukauka. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo halipaswi kutembea hata hadi kesho. Usukani au kiti kinachotetemeka hata baada ya magurudumu kusawazishwa, au gari linalodunda kwa mwendo mdogo kana kwamba tairi lina nundu, huashiria mikanda ya chuma imeanza kuachana. Kashata nazo zina kipimo chake: vipo vizingiti vidogo ndani ya mifereji, na mpira ukilingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kama mwisho. Kuingiza tyubu kwenye tairi lisilohitaji tyubu kwa sababu linavuja huficha dalili na kuongeza joto. Kuchonga mifereji mipya kwenye tairi kipara la gari dogo ni kupunguza unene wa mpira uliosalia juu ya nyaya.

Upepo nao huamua umri. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi na kuzalisha joto ndani yake, hivyo miezi michache ya uzembe hulizeesha kwa miaka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lililojaa. Msafiri wa Desemba anahitaji hiyo ya pili. Hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Wapo madereva wanaosimama Korogwe au Mombo na kupunguza upepo kwa sababu tairi “limejaa kwa joto”. Kupanda huko ni kwa kawaida na mtengenezaji amekwisha kukuhesabu. Anayepunguza huondoka na tairi pungufu kuelekea sehemu yenye joto zaidi. Kwa mabasi na malori, hatari hujificha kwenye magurudumu pacha ya nyuma. Tairi la ndani likipungua upepo, mwenzake hubeba mzigo wa mawili, na mtu anayetazama kutoka nje huona gari liko sawa.

Kwa upande wa usimamizi, nyenzo zipo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali salama kwa matumizi. Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi hukagua magari na kutoa stika, hasa nyakati za Wiki ya Nenda kwa Usalama. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, hutoa leseni za magari ya abiria na kuyafuatilia mabasi kwa mfumo wa kielektroniki unaoonyesha mwendo. Mizani hupima uzito chini ya sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ukizitazama kwa pamoja, nyenzo hizi huona kasi na uzito vizuri sana. Tairi huonwa na jicho la askari aliyesimama kando ya barabara, na jicho hilo kwa desturi hutafuta kipara. Kuongeza hatua moja, ya kusoma tarakimu nne za mwisho za msimbo kwenye matairi ya mbele ya kila basi, hakuhitaji mashine wala bajeti kubwa.

Iwapo nchi iweke kikomo cha umri kwa magari ya abiria ni mjadala unaostahili kufanyika kwa utulivu. Hoja ya wamiliki ina uzito. Tairi la basi ni ghali, na mwenye Coaster moja inayopita vijijini hana mtaji wa kampuni kubwa. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, mwendo wa saa chache kutoka Same, ambacho enzi zake kilihudumia soko la ndani na la nchi jirani, kimesimama kwa zaidi ya miaka 10. Tairi la leo husafiri baharini kabla ya kufika kwa fundi wa Same, na bei yake hubeba safari hiyo. Aidha, tarehe peke yake haithibitishi usalama. Tairi la miaka miwili lililozidishiwa mzigo laweza kupasuka kabla ya la miaka saba lililotunzwa, na palipo na kikomo cha tarehe, hapakosi mtu wa kuifuta tarehe kwa msasa. Hata hivyo, hoja hizo hupunguza thamani ya kanuni bila kuiondoa. Kuanza na ekseli ya mbele ya mabasi kungegusa matairi machache kwa kila gari, na ndiyo matairi ambayo yakipasuka dereva hubakiwa na nafasi ndogo ya kuliokoa gari.

Mwenye gari dogo ambaye fedha zake zinatosha matairi mawili tu ana uamuzi wake. Mazoea ni kuyafunga mbele, kwa kuwa ndiko usukani uliko. Watengenezaji hushauri kinyume chake: mapya nyuma. Sehemu ya mbele ikiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na hupunguza mwendo. Sehemu ya nyuma ikiteleza, gari hugeuka kabla hajafikiri. Ushauri huo unahusu matairi mawili mengine ambayo bado yana afya. Yaliyopasuka ubavu kwa uzee hayana mahali pa kufungwa.

Lipo pia tairi la akiba, ambalo karibu kila mkaguzi wa nyumbani hulisahau. Limelala ndani ya buti chini ya zulia, au limening'inia chini ya gari likipokea vumbi na joto la bomba la moshi. Kashata zake ni kamili kwa sababu halijawahi kukanyaga lami. Kwenye magari mengi yaliyotoka Japani lilikuja na gari kutoka kiwandani, na hivyo gari la mwaka 2008 lina tairi la akiba la mwaka 2008. Likiwa jembamba la dharura, kasi yake ya juu ni kilometa 80 kwa saa, na limeandikwa hivyo. Hakuna anayelijaza upepo. Ndilo litakalofungwa Hedaru saa saba mchana, jeki ikizama kwenye mchanga wa kando ya barabara, abiria wakisubiri chini ya mgunga na dereva akihesabu saa zilizobaki kabla ya giza.